Vipimo viko sawa, mbona bado navilia damu?

Kuna kipimo kimoja cha maabara kisichohitaji umeme wala kemikali yoyote. Unachota mililita mbili za damu kwenye mshipa wa mgonjwa, unaitia kwenye kichupa cha kioo kilicho safi na kikavu, unakisimamisha mezani na kukiacha palepale. Hukitikisi, hukichungulii kila mara, wala huruhusu mtu aiegemee meza. Zikitimia dakika 20 unakiinamisha mara moja. Damu ikiwa imeshikamana, mfumo wa kugandisha unafanya kazi. Ikimwagika yote, aliyeumwa na nyoka anahitaji dawa ya sumu haraka. Kichupa lazima kiwe cha kioo, kwa sababu kioo ndicho kinachoichokoza damu ianze kuganda. Ukitumia cha plastiki damu huchelewa, na wewe utadanganyika.

Sasa tazama ajabu yake. Damu hiyohiyo inayoganda mezani kwa dakika chache imekuwa ikizunguka mwilini mwa mtu tangu hajazaliwa, na haikuganda. Mpasuaji wa Kiingereza Joseph Lister, yule anayesifiwa kwa kuingiza dawa za kuua vijidudu kwenye vyumba vya upasuaji, alilifikisha swali hili mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi mjini London, mwaka 1863. Alitumia mshipa wa shingo wa ng'ombe aliyechinjwa, umefungwa huku na huku, damu ikiwa ndani. Damu ile ilikaa majimaji kwa saa nyingi. Akiimimina kwenye chombo, inaganda. Ng'ombe amekufa, moyo umesimama, damu haitembei, na bado haigandi maadamu imo ndani ya mshipa wake. Ukuta una kauli.

Mimi ni mteknolojia wa maabara hapa Tanga, na kwa miaka mingi sasa damu ndiyo kazi yangu. Kazi yenyewe ina kichekesho ndani yake. Tunaitoa damu kwenye kuta zake, tunaitia kwenye tyubu ya kifuniko cha zambarau na nyingine ya kifuniko cha bluu, halafu tunaihoji: mbona mwenyewe anatoka damu ovyo? Damu haijui. Jibu limebaki mkononi mwa mgonjwa, chini ya kipande cha pamba alichokishikilia akitoka mlangoni.

FBP, yaani picha kamili ya damu, inahesabu chembe, zikiwemo chembe sahani (pleti), zile zinazoanza kuziba mshipa uliopasuka, ambazo kwa mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 150,000 na 400,000 hivi kwa kila mikrolita. PT na APTT zinapima muda ambao protini za kugandisha huchukua kutengeneza donge. Ni vipimo vizuri na navitetea, lakini vyote vinapima kilichotoka. Zamani kilikuwepo kipimo kilichoujaribu mshipa wenyewe: mwaka 1910 daktari Mmarekani, William Duke, alitoboa ndewe ya sikio na kuhesabu dakika hadi damu ikome. Baadaye ikaja namna ya Ivy, ya kuchanja mkono chini ya kiwiko huku mpira wa presha umejazwa hadi milimita 40 za zebaki. Kimeachwa karibu kila mahali, na sababu naielewa: majibu yalitegemea mno mkono wa mpimaji, na hayakuweza kubashiri nani atavuja damu kwenye upasuaji. Ila kilipoondoka, upande wa ukuta ulibaki mtupu. Ndiyo maana mtu anakuja na mabaka miguuni, anapewa karatasi iliyoandikwa "kawaida" juu hadi chini, anarudi nyumbani akiwa na mambo mawili tu ya kuamini: ama anaonekana mwongo, ama amelogwa.

Wengi wetu, hata tulio kazini, huufikiria mshipa kuwa bomba: maji yanapita, bomba limekaa tu. Lakini bomba halitengenezi kitu. Mshipa una kazi usiku na mchana. Upande wake wa ndani umetandazwa seli za endothelia, safu ya seli moja tu kwa unene, kuanzia moyoni hadi kwenye kapilari ambazo chembe nyekundu hupita moja moja. Seli hizi hutoa gesi ya nitriki oksaidi na kemikali iitwayo prostasaiklini, na hizo mbili huzifanya chembe sahani zipite bila kunata. Juu yake zimeota minyororo ya sukari ya jamii ya heparini, inayosaidia kuizima trombini, protini inayogandisha damu. Hutoa hata kimeng'enya cha kuanzisha kuyeyushwa kwa donge lililojitunga pasipotakiwa. Ndani yake mna vifuko virefu vyembamba ambavyo Ewald Weibel na George Palade walivieleza mwaka 1964 baada ya kuviona kwa hadubini ya elektroni. Leo tunajua vimejaa protini ya von Willebrand. Nje kidogo ya safu hiyo kuna kolajeni, nyuzi za protini zinazoushikilia mshipa, na nje zaidi kuna seli zenye protini inayowasha mfululizo wote wa kuganda. Vitu hivyo viwili damu haitakiwi kuvigusa. Siku ikivigusa, maana yake ukuta umepasuka. Hapo mshipa unajibana, chembe sahani zinanata kwenye kolajeni zikishikwa na ile protini ya von Willebrand, na nyuzi za faibrini zinafumwa juu yake. Ukuta uliokuwa ukizuia ndio huohuo unaoanzisha.

Erik von Willebrand mwenyewe alikuwa daktari wa Ufini. Mwaka 1924 aliletewa mjini Helsinki mtoto wa kike wa miaka 5 kutoka Föglö, katika visiwa vya Åland, ukoo ambao watu wake walitokwa damu kupita kiasi. Damu yao ilipochukuliwa na kutazamwa, iliganda kwa muda wa kawaida, lakini jeraha halikukoma. Mwaka 1926 akaandika kwamba huu si hemofilia, ule ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda, na kwamba anashuku chembe sahani pamoja na kuta za mishipa. Baadaye sana ikajulikana kwamba kinachopungua ni protini iliyomo ndani ya damu, kwa hiyo mtu anaweza kusema alikosea. Mimi nasema alikuwa karibu kuliko walivyodhani, kwa sababu sehemu kubwa ya protini hiyo inatengenezwa na ukuta. Tangu mwaka 1977 ipo dawa, desmopresini, ambayo kwa baadhi ya wagonjwa huziamuru seli za ukuta zimwage akiba yake, na damu ikakoma.

Yule mtoto alifariki akiwa na miaka 13, kwa damu ya hedhi. Ugonjwa huo, ambao leo unaitwa kwa jina la von Willebrand, ndio ugonjwa wa kutokwa damu unaorithiwa na watu wengi kuliko mingine yote, na kwetu hujificha hapohapo kwenye hedhi. Binti anabadilisha pedi kila saa, analala juu ya kanga zilizokunjwa, anaambiwa na mama, na bibi, na shangazi kwamba ndivyo wanawake wa ukoo wao walivyo. Kama wa ukoo wenu wote ndivyo walivyo, mwambieni daktari maneno hayohayo, neno kwa neno. Ndiyo habari anayoihitaji.

Nimeanza na nyoka, basi nimmalize. Kifutu ni miongoni mwa nyoka wanaouma watu sana Afrika, na sumu yake ina vimeng'enya vinavyokata utando unaozishikilia seli za kapilari. Mguu unavimba hadi pajani, malengelenge yanajaa damu, na hakuna jeraha zaidi ya matundu mawili ya meno. Na kile kichupa changu cha kioo? Mara nyingi kinaganda vizuri tu. Kijana wa zamu akiandika "imeganda", na msomaji akaelewa "hatari imepita", mgonjwa anaweza kupoteza mguu.

Miezi michache iliyopita aliletwa binti mmoja na mama yake. Nimegeuza mambo kadhaa asitambulike. Mapaja na mikono ilikuwa na mabaka ya zambarau yasiyouma, mengine yameshaanza kugeuka kahawia. Alikuwa amepimwa kwingine, amepimwa tena kwetu, na karatasi zote zinasema mamoja: chembe sahani zimetimia, PT sawa, APTT sawa.

"Dada, sema ukweli," mama akaniambia kwa sauti ya chini. "Usiku wanakuja kumnyonya."

Kwetu huulizi ni nani. Sikubishana naye, mama wa watu amekesha na mwanawe. Niliomba tu nimtazame binti mikono kwenye mwanga wa dirishani. Ngozi ya nyuma ya kiganja ilikuwa nyembamba mno, vimishipa vinahesabika. Ndani ya kiwiko kulikuwa na michirizi kama... hapana, michirizi tu, ile wanayoipata waja wazito tumboni. Na vifundo vya vidole vilikuwa vyeusi kuliko uso. Aliyekulia Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga, anajua maana ya vifundo hivyo.

"Mdogo wangu, unapaka nini?"

Akamtazama mama yake kwanza. Mkorogo, akasema. Anachanganyiwa dukani, na humo hukamuliwa tyubu mbili tatu za dawa ya ngozi.

Dawa ya ngozi yenyewe kwa kawaida ni steroidi kali, klobetasoli au betamethasoni. Kwa ukurutu, kwa siku chache, kwa maagizo ya daktari, ni dawa nzuri. Ukiipaka mwili mzima kwa miaka, inazinyamazisha seli zinazotengeneza kolajeni. Vimishipa vya ngozini havina mfupa wala msuli wa kuvishika. Vinashikiliwa na kolajeni hiyo. Ikiisha, kugonga kidogo kona ya kitanda, kubeba kapu mkononi, hata kushikwa mkono na mchumba, kunavipasua, na damu inatapakaa chini ya ngozi. Damu haina kosa lolote. Imefanya kila ilichoagizwa, ila nyumba imebomoka.

Nilikwenda mwenyewe kuongea na daktari, maana mtu hakurupuki kuacha. Steroidi nyingi hupenya ngozini hadi kuzilaza tezi zilizo juu ya figo, na kuacha ghafla kuna hatari yake. Yule mama alitoka akiwa amemkasirikia muuza duka badala ya jirani, na hilo peke yake niliona ni nafuu mtaani.

Kolajeni hiyohiyo ndiyo inayonipeleka kwenye hadithi ninayoipenda kuliko zote, na imetokea hapa kwetu pwani.

Januari 1498 watu wa Vasco da Gama walitia nanga kwenye mto ulio sehemu ya Quelimane, Msumbiji. Mmoja wao aliandika shajara ya safari, na humo anasema wengi waliugua: mikono na miguu ilivimba, ufizi ukakua juu ya meno hata wasiweze kula. Ni kiseyeye, hakuna haja ya kipimo. Wakaendelea kaskazini. Mwezi Aprili, alfajiri kabla hakujapambazuka, merikebu ya São Rafael ikapanda mwamba mbele ya pwani yenye milima mirefu nyuma yake. Wanahistoria wanapataja kuwa ni Mtangata, yaani Tongoni, kusini kidogo ya mji wa Tanga, na milima ile ni Usambara. Maji yalipotoka, merikebu ikiwa imekaa juu ya mchanga, vikaja vyombo viwili kutoka ufukweni. Kimoja kilikuwa kimepakia machungwa, na mwandishi anakiri kwamba yalikuwa mazuri kuliko ya Ureno.

Watu wa Muheza, mnaosifika kwa machungwa, someni tena sentensi hiyo.

Muda mfupi baadaye walikuwa Mombasa, na mfalme akawapelekea kondoo, machungwa mengi, malimau na miwa. Shajara inasema wagonjwa wote walipona walipofika mji huo, kwa sababu hewa yake ni njema. Hewa! Juisi imewatiririka mashavuni, na sifa imekwenda kwa upepo. Hawakuwa wajinga, walikuwa hawajui tu cha kutazama. Waliporudi kutoka India walikaa baharini karibu miezi mitatu, wakafa watu 30, na kila merikebu ikabaki na watu saba au wanane wenye nguvu za kufanya kazi. Januari 1499 walipofika Malindi, jambo la kwanza ambalo wagonjwa walilitamani ni machungwa, yakaletwa, lakini kwa wengi walikuwa wameshachelewa. Kisha wakaichoma moto São Rafael kwenye miamba ileile ya kwetu, kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha.

Kinachotokea ni hiki. Nyuzi za kolajeni husokotwa tatu tatu, na ili zishikamane lazima vimeng'enya fulani vizibadilishe kidogo, na vimeng'enya hivyo havifanyi kazi bila vitamini C. Mbuzi anaitengeneza mwenyewe mwilini. Binadamu hawezi, ni lazima aile. Akikaa miezi miwili mitatu bila kuila, kolajeni mpya inatoka dhaifu, kapilari zinapasuka, vidoa vya damu vinatokea kuzunguka mashimo ya vinyweleo, hata makovu ya zamani yanafunguka. Ukizipima chembe sahani zake na PT yake, zote zitakuwa sawa. James Lind, daktari wa jeshi la majini la Uingereza, mwaka 1747 aligawa mabaharia 12 wenye kiseyeye wawili wawili, kila jozi na dawa yake. Waliopewa machungwa mawili na limau moja kila siku ndio waliopona haraka kuliko wote.

Msidhani ugonjwa huu uliondoka na merikebu. Mzee aliyefiwa na mkewe, anayeishi kwa chai ya rangi na mkate asubuhi na jioni, anaweza kuupata akiwa kilomita chache kutoka kwenye mashamba ya michungwa. Embe, pera, au maji ya ubuyu yasiyopikwa yanatosha kumrudisha.

Mwaka 2019 homa ya dengue, wengine huiita kidingapopo, ilivuma Dar es Salaam na sisi Tanga ikatufikia. Wiki zile nilichoka na swali moja: "Dada, pleti ngapi?" Jamaa za mgonjwa wanapigiana simu kutajiana pleti. Majani ya mpapai yakapondwa hadi mipapai mingine ikabaki kichwa kitupu. Na kweli chembe sahani hushuka, wakati mwingine hadi namba inayotisha. Lakini kinachoua zaidi kwenye dengue kali ni ukuta unaovujisha. Kirusi kinatoa protini inayouchubua utando wa sukari ulio juu ya endothelia, kinga ya mwili yenyewe inazidisha vurugu, na maji ya damu yanachuruzika kwenda tumboni na kifuani huku chembe nyekundu zikibaki ndani. Damu inakuwa nzito, presha inaanguka. Kwenye karatasi hiyo hiyo ya FBP, mistari michache tu juu ya pleti, pana hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu. Ikipanda kwa asilimia 20 juu ya ilivyokuwa, ukuta umefunguka. Hakuna aliyewahi kunipigia simu kuuliza hematokriti.

Na mbaya zaidi, hutokea homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba hivi, pale ambapo nyumba nzima inashukuru Mungu. Tumbo likiuma sana, matapishi yasikome, ufizi utoe damu, au mgonjwa alegee, ni hospitali saa hiyohiyo. Dawa ya homa ni parasetamo. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ziacheni.

Hapo ndipo kipo kipimo cha ukuta ambacho hata zahanati ya kijijini inakiweza. Unapima presha, unachukua namba iliyo katikati ya ile ya juu na ile ya chini, unajaza mpira wa presha hadi hapo na kuuacha dakika 5. Ukishaufungua, unachora mraba wa sentimita 2.5 kila upande chini ya kiwiko na kuhesabu vidoa vyekundu vilivyozuka. Vikifika 10 au zaidi, kapilari zinapitisha damu. Hakithibitishi dengue, kinaweza kukosea huku na huku, lakini kinaliuliza swali kwa anayehusika.

Mtoto wa dada yangu alitutoa roho na vidoa vya namna hiyo. Mafua yalimshika, yakapona, kisha asubuhi moja makalio na miguu vimejaa vipele vyekundu vinavyoelekea zambarau, magoti yamevimba, tumbo linamkata. Dada akanitumia picha. Nikamwambia achukue glasi isiyo na rangi, aibonyeze ubavu wake juu ya vipele. Vipele vya joto hupotea ukibonyeza, kwa sababu damu bado imo ndani ya mishipa na inasukumwa kando. Vyake havikupotea. Mtoto mwenye homa kali na vidoa visivyopotea asingoje hata kunywa chai, anaweza kuwa na maambukizi yanayoua kwa saa chache. Wetu hakuwa na homa, lakini alikwenda vilevile. Daktari akaona ni ule ugonjwa wa Schönlein na Henoch, wazungu wawili wa Ujerumani waliouandika mwaka 1837 na 1874, ambapo kingamwili za aina ya IgA hunasa kwenye kuta za mishipa midogo na kuziunguza. Chembe sahani zilikuwa tele. Watoto wengi hupona wenyewe. Kinachofuatiliwa ni mkojo, kwa sababu vichujio vya figo navyo ni mishipa midogo, na mpaka leo nikimwona ananikimbia: "Mama mdogo, sina mkojo!"

Mpaka hapa nimesema ya kuvuja tu, na haki haijatendeka. Shangazi yangu anayabeba yote mawili kwenye mwili mmoja. Ana miaka zaidi ya 80. Mikono yake, kuanzia kiwiko hadi vidole, ina mabaka ya zambarau yanayokuja na kuondoka. Jua la maisha yote shambani limeila kolajeni. Na mwaka juzi alipata kiharusi chepesi, mdomo ukaenda upande, mkono ukalegea, ukarudi. Kichwani kwake ukuta wa ateri uliochakazwa na presha ya miaka mingi uliacha kuzizuia chembe sahani, donge likajitunga pale pale. Rudolf Virchow, mtaalamu wa Kijerumani, aliandika mwaka 1856 juu ya donge kuziba mshipa, na madaktari wamerithi kutoka kwenye kazi yake mambo matatu ya kuangalia: mwendo wa damu, damu yenyewe, na ukuta. Wanafunzi wanakariri yote matatu, kisha wakifika maabara wanaagiza kipimo cha moja.

Ukuta wenyewe ulipata heshima yake kwa kuchelewa. Mwaka 1980 Robert Furchgott, nchini Marekani, alionyesha kwamba kipande cha mshipa mkubwa wa sungura hulegea kikipewa kemikali fulani ikiwa tu ngozi yake ya ndani haijakwanguliwa. Ukiisugua ikatoka, hakilegei tena. Kumbe ile safu ya seli moja ndiyo iliyokuwa ikituma amri, na mjumbe wake ni nitriki oksaidi. Mwaka 1998 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Louis Ignarro na Ferid Murad. Presha, sukari na sigara vyote huipunguza nitriki oksaidi hiyo, ndiyo sababu daktari akimkuta mtu na kimoja anavitafuta na vingine.

Shangazi anakunywa aspirini ndogo ya miligramu 75 kila siku. Juzi nilimpelekea machungwa (ya Muheza, bila shaka).

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Njoo unitazamie mikono. Hii dawa ya damu nyepesi ndiyo inayonipaka zambarau, sivyo? Niiache."

Nikamweleza kadiri nilivyoweza. Aspirini inaziba kimeng'enya ambacho chembe sahani hukitumia kuitana. Chembe sahani haina kiini, haiwezi kutengeneza kingine, kwa hiyo imekwisha hadi ife, siku 7 hadi 10. Seli ya ukuta ina kiini. Ikizibiwa kimeng'enya chake inatengeneza kipya na kuendelea kutoa prostasaiklini. Ndiyo faida ya kidonge kuwa kidogo: kinawanyima sauti wanaogandisha, kinauacha ukuta uendelee kuzuia. Ni kweli kinayakuza yale mabaka ya mikononi, lakini hakikuyaleta. Yalikuwepo kabla ya kiharusi. Kuacha ni shauri la daktari wake, si langu, na daktari amesema aendelee.

Alinisikiliza, akamenya chungwa, akanipa nusu.

"Kwa hiyo damu yangu nzuri."

"Nzuri sana, shangazi."

"Na huyo wa mwisho aliyenipima alinichoma mara tatu."

Hilo sikuwa na la kumjibu. Nimemshonea mikono mirefu ya kitambaa laini avae anapokwenda kuchanja kuni, na nimemwambia siku nyingine ya kupimwa aniite nimchome mimi, kwa sindano nyembamba, kisha abonyeze kwa kidole dakika 5 nzima bila kukunja kiwiko, maana kukunja ndiko kunakomwacha na baka kubwa kuliko la sindano yenyewe.